Tani 15 zikifika mwezini, nani atazishusha?

Agosti 2025 Sean Duffy, wakati huo kaimu mkuu wa NASA, shirika la anga la Marekani, alitoa agizo kwamba Marekani iharakishe mtambo wa nyuklia wa kuzalisha umeme mwezini, angalau kilowati 100, uwe tayari kurushwa kufikia 2030. Oktoba mwaka huo huo akasema mkataba wa SpaceX, kampuni ya Elon Musk, wa kushusha wanaanga mwezini ataufungua wengine nao washindane, kwa sababu kazi imechelewa. Kuanzia hapo mjadala mitandaoni umekuwa wa timu tu, hawa Starship, roketi kubwa ya SpaceX, wale Blue Origin, kampuni ya Jeff Bezos, wengine wanasema China atawahi wote, na kila mtu anahesabu roketi ya nani ni kubwa na inarusha tani ngapi. Sasa ndani ya lile agizo la nyuklia kuna kipengele ambacho watu wengi wamekiruka, kinasema wanaobuni mtambo wachukulie kwamba kitakuwepo chombo kizito cha kutua chenye uwezo wa kubeba mpaka tani 15. Yaani wachukulie kipo. Wakati huo hakuna nchi wala kampuni iliyokuwa imewahi kutua mwezini na mzigo wa namna hiyo, na swali la utashukaje kutoka juu ya chombo mpaka kwenye udongo karibu halizungumzwi kabisa.

Msimamo wangu ni kwamba tunapima kitu ambacho sicho. Chombo cha mzigo kipimwe kwa tani ngapi zimefika chini, pale zinapotakiwa, zikiwa nzima na zinaweza kusogezwa, na ukishaanza na kipimo hicho basi umbo lote la chombo linabadilika, urefu wake, injini zinakaa wapi, mpaka mafuta gani yanatumika. Roketi kubwa inahitajika, hilo sibishi hata kidogo, ila roketi inamaliza kazi yake mapema sana kwenye safari, na kazi ambayo mpaka leo hatuna uzoefu nayo ni ya mita 100 za mwisho na siku chache zinazofuata baada ya hapo. Lori likifika getini na hamna wa kushusha, huwezi kusema mzigo umefika.

Turudi nyuma kidogo. Chombo cha kutua cha Apollo 17, Desemba 1972, kilitoka duniani kikiwa na zaidi ya tani 16 na kilipogusa udongo kilikuwa kimebaki na kama tani 7 mpaka 8, maana iliyobaki yote ilikuwa mafuta yaliyochomwa kupunguza mwendo. Na katika hizo zilizobaki sehemu kubwa ilikuwa ni kichwa cha kuwarudishia wanaanga na mafuta yake, mzigo halisi wa kufanyia kazi ulikuwa mamia ya kilo tu. Kile kigari chao kilikuwa na kilo 210, kimekunjwa na kubanwa ubavuni mwa chombo, wanaanga wanavuta kamba kutoka chini huku kinajifungua chenyewe taratibu, magurudumu yanatoka, kinakaa chini. Warusi nao Novemba 1970 waliteremsha Lunokhod 1, gari la karibu kilo 750 lisilo na mtu, na chombo kilicholibeba, Luna 17, kilikuwa kifupi na kina njia za kuteremkia mbele na nyuma, ili upande mmoja ukizibwa na jiwe gari litokee upande wa pili. Mnaona jinsi watu wale walivyofikiria kushuka kabla ya kufikiria kitu kingine? Kulikuwa hata na wazo la kugeuza chombo cha Apollo kiwe cha mzigo mtupu, wakiita LM Truck, kingeshusha kama tani 5 bila mtu, ila hakikuwahi kujengwa. Kwa miaka 50 iliyofuata baada ya Apollo 17 hakuna aliyetua na uzito hata wa nusu ya ule.

Kwanini ni ngumu hivi? Mwezi hauna hewa. Huwezi kutumia parachuti, huwezi kuiacha hewa ikupunguzie mwendo kama inavyofanya duniani, kila mita ya kasi lazima uiondoe kwa injini. Kuanzia unapoufikia mwezi, ukaingia kwenye mzunguko wake, mpaka ukaketi chini unahitaji kuua kasi ya karibu kilomita 3 kwa sekunde. Ukipiga hesabu ya kawaida ya roketi, tani 100 zinazokaribia mwezi zitakuachia kama 50 chini ukitumia haidrojeni na oksijeni, kama 44 ukitumia metheni, na chini ya 40 ukitumia yale mafuta ya sumu ya Apollo yanayowaka yenyewe yakikutana. Na hapo bado hujatoa uzito wa tenki, injini, miguu na kompyuta. Kwahiyo mtu akiangalia hizo namba haraka atasema haidrojeni ndo jibu, lakini haidrojeni kimiminika ni nyepesi mno, mita moja ya ujazo haifiki hata kilo 75, kwahiyo tenki zake zinakuwa kubwa kupita kiasi, na lazima ikae kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri la sivyo inachemka na kupotea. Tenki kubwa ukizipanga moja juu ya nyingine unapata mnara. Metheni ni nzito zaidi kwa ujazo, tenki ndogo, ila unahitaji tani nyingi zaidi za mafuta. Hapo ndo mambo ya mafuta yanapogeuka kuwa mambo ya urefu, na urefu ndo unaoamua kama mzigo utashuka ama hautashuka, na kama chombo kitabaki kimesimama.

Kuhusu kusimama, miaka hii miwili mitatu imetufundisha vizuri. Januari 2024 SLIM ya Japan ilitua ikaishia kusimama kwa pua, baada ya kupoteza mdomo wa injini moja ikiwa inashuka. Februari 2024 Odysseus ya kampuni ya Marekani Intuitive Machines, yenye urefu wa mita 4 hivi, ikatua na kulala ubavu. Machi 2025 mwenzake Athena naye akalala ubavu, ndani ya shimo kabisa, na mimi nilikuwa naangalia matangazo siku ile, ilichukua muda mrefu mpaka watu wakubali kilichotokea. Siku nne tu kabla yake Blue Ghost ya kampuni ya Firefly, yenye urefu wa mita 2 na upana wa 3.5, ilikuwa imetua wima bila shida. Sisemi urefu ndo chanzo pekee, Intuitive Machines wenyewe walieleza matatizo ya vipimo vya leza vya urefu kutoka chini na vivuli virefu vya kule kusini ambako jua linakaa karibu na upeo, na walijitetea kwamba kitovu cha uzito cha chombo chao kiko chini kuliko macho yanavyoona. Sawa. Ila fizikia ya kupinduka iko wazi, kinachokurudisha wima ni uzito wako, na mwezini uzito ni sehemu moja ya sita, wakati ile kasi ndogo ya pembeni unayotua nayo inabaki na nguvu yake yote. Chombo kile kile ambacho duniani kingevumilia kasi fulani ya pembeni, mwezini kitapinduka kwenye kama asilimia 40 tu ya kasi hiyo. Kwahiyo mwezini ndo mahali pa kuwa mfupi na mpana kuliko hata duniani.

Sasa tuwape haki yao wanaotetea chombo kikubwa, maana hoja yao kuu ni nzuri kweli na mara nyingi inasemwa vibaya. Starship ya kwenda mwezini, ambayo NASA iliipa mkataba wa dola bilioni 2.89 Aprili 2021, ina urefu wa kama mita 50 na inalenga kushusha mpaka tani 100. Faida ya kwanza ni kwamba kuna vitu havigawanyiki, mtambo wa nyuklia na ngao zake, nyumba ya kuishi watu, gari lenye hewa ndani. Ukivikata vipande vidogo lazima kuwe na mtu wa kuviunganisha huko, kwenye vumbi linalokwaruza kila kiungo na kila zipu. Kituo cha anga cha kimataifa kiliunganishwa kwa zaidi ya safari 40, na kule hakuna vumbi. Faida ya pili, hii ndo naiona kubwa zaidi, ni kwamba uzito usipokuwa tatizo uhandisi unakuwa rahisi, unaweza kutumia chuma cha kawaida, betri za akiba, mota nene zaidi, badala ya kutumia miaka kumi kupunguza gramu. Hoja hiyo siwezi kuitupa, na mtu anayesema tubaki na vyombo vidogo vya kilo mia mia milele hajafikiria kituo cha mwezini kinahitaji nini.

Lakini hiyo faida ina gharama yake. Starship haiwezi kufika mwezini na mzigo bila kujazwa mafuta angani, na makadirio ya safari za kuijaza yametofautiana sana, Elon Musk aliwahi kusema 8 au hata pungufu, na NASA wenyewe wakataja idadi inayokaribia 20. Blue Origin nao, waliopata mkataba wa dola bilioni 3.4 Mei 2023, chombo chao kikubwa cha Mark 2 kinategemea kujazwa mafuta angani pia, tena haidrojeni. Hilo litatatuliwa, naamini hivyo, ni suala la majaribio na hela. Kinachonisumbua mimi ni kwamba baada ya kazi yote hiyo mzigo uko makumi ya mita juu ya udongo. Mwishoni mwa 2023 wanaanga wa NASA walijaribu mfano wa lifti ya Starship, wakiangalia milango, vitasa, nafasi ya kusimama na nguo nzito. Vizuri sana kwa watu wawili na vifaa vyao. Ila gari la tani kadhaa lenye upana wake, linatoka vipi kwenye mlango wa juu, linaning'inia vipi ubavuni mwa mnara uliosimama kwenye mteremko wa nyuzi kadhaa, na lifti ikikwama na vumbi katikati nani anaitengeneza? Novemba 2024 NASA ilitangaza inakusudia SpaceX wapeleke gari lenye hewa ndani linalotengenezwa na Japan, si kabla ya mwaka wa bajeti wa 2032, na Blue Origin wapeleke nyumba ya kuishi, si kabla ya 2033, kwa vyombo vya daraja la tani 12 mpaka 15. Huo muda sio mrefu kama unavyosikika kama swali la kushusha bado linaachwa la mwisho.

Hapo ndo inakuja hoja ambayo naiona dhaifu kuliko zote na ndo inayorudiwa zaidi, kwamba mwezini mvutano ni mdogo, tani 15 zitakuwa kama tani 2 na nusu tu, kwahiyo kushusha ni kitu kidogo. Kwenye uzito ni kweli. Waya wa kreni utabeba mzigo mwepesi, na mkono wa kreni unaweza kuwa mwembamba. Lakini kreni yenyewe nayo imepoteza uzito kwa kiwango kile kile, uzito wake wa kuizuia isipinduke umegawanywa kwa sita kama mzigo ulivyogawanywa, kwahiyo ule uwiano wa kupinduka haujabadilika hata kidogo. Halafu mzigo ukianza kubembea bado una tani 15 za kusimamisha. Kuusukuma, kuusimamisha, kuuzungusha, vyote vinadai nguvu ile ile ya duniani, na uzito ule unaokupa mshiko chini ya magurudumu umepungua. Tingatinga linaona hilo vibaya zaidi, maana linategemea uzito wake kusukuma udongo na udongo wa mwezini chini kidogo tu ya uso umeshikamana sana. Wanaanga wa Apollo walipata taabu kuingiza bomba za kuchukulia sampuli. Kwahiyo ile moja ya sita inakusaidia kwenye waya na chuma, halafu inakunyima mshiko na uthabiti, na vitu viwili hivyo ndo kushusha kwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo linaamua umbo la chombo, moto wa injini. Novemba 1969 Apollo 12 ilitua kama mita 160 kutoka kwa Surveyor 3, chombo kilichokuwa kimekaa pale tangu Aprili 1967. Wanaanga wakaenda wakakata kamera yake na vipande vingine wakarudi navyo, na vilipochunguzwa upande ulioelekea chombo cha Apollo ulikuwa umepigwa na mchanga, rangi imekwanguliwa, isipokuwa pale ambapo kipande kimoja kilikuwa kimekikinga kingine, hapo kulibaki alama kama ya kivuli yenye kingo kali kabisa. Hiyo ni kwa chombo cha tani 7 na kitu. Bila hewa ya kuzuia, chembe zinaruka moja kwa moja kwa kasi kubwa mno na zinaenda mbali. Sasa weka chombo cha tani 100 na zaidi, kinatua karibu na mtambo wa nyuklia, nyumba na paneli za sola ambazo safari zilizotangulia zimeleta. Ndo maana michoro ya Starship ya mwezini imeonyesha injini ndogo za kutulia zikiwa juu ubavuni badala ya chini, wazo zuri, ila ni injini za ziada na mabomba ya ziada, na chombo kirefu bado ni kirefu.

Kambi ya pili, ile ya vyombo vidogo vingi, sitakaa nayo sana. Ina sifa kubwa moja, inakosea kwa bei nafuu na inajifunza haraka. Ila kilo 100 mara 150 haifanyi kitu kimoja cha tani 15, na huo ndo mwisho wa hoja yao kwenye mzigo mzito. Kati ya kambi hizi mbili kuna vyombo vya kati ambavyo havipati sifa vinayostahili, Argonaut ya Ulaya inayolenga tani 1.5, na Blue Moon Mark 1 ya Blue Origin inayolenga tani 3 kwa roketi moja bila kujazwa mafuta njiani. Hivi vinaenda na kubaki. Na kubaki ni jambo la maana sana, kwa sababu chombo cha watu lazima kibebe mafuta ya kurudi, kiwe na kichwa cha kupaa, mlango juu, na vyote hivyo vinakipandisha urefu. Mzigo haurudi. Tukichukua chombo cha watu tukakitoa viti na kukiita cha mizigo tumerithi mnara ambao mzigo haukuuhitaji.

Kwahiyo chombo cha mzigo mzito kilichobuniwa kuanzia chini naona kingekuwa kipana, sakafu ya mzigo iko mita moja au mbili tu kutoka udongo, tenki zimepangwa pembeni au juu ya mzigo, injini nazo zimekaa pembeni zikielekezwa nje kidogo. Wazo hili sio geni. Kampuni ya Dynetics walileta kitu cha mfano huo kwenye mashindano ya 2021, yale ambayo Starship ilishinda, chumba cha watu kikiwa karibu kabisa na ardhi na tenki pembeni, na sababu moja kubwa iliyowaangusha ni uzito, hesabu zao zilionyesha chombo kimezidi kuliko kinavyoweza kubeba. Hiyo ni gharama ya kweli, tenki nyingi fupi zina chuma kingi kuliko tenki moja ndefu, mabomba ni mengi, na mafuta yakitoka upande mmoja haraka kuliko mwingine chombo kinaegemea. Mars tulishaona njia nyingine, mwaka 2012 gari la Curiosity la kilo 900 lilishushwa kwa kamba kutoka kwenye mtambo uliokuwa unaelea juu yake kwa injini, gari likagusa chini kwa magurudumu yake. Kwa tani 15 hiyo ni ngumu zaidi ila mantiki yake ni ile ile, mzigo ufike chini ukiwa tayari uko chini. Mtu atasema unapoteza tani nne tano za uwezo kwa kuchagua umbo hilo, nami nasema bora tani 10 zilizo kwenye udongo kuliko 15 zilizo ghorofani.

Kuna wanaosema mtambo wa nyuklia hauhitaji kushushwa, ubaki juu ya chombo uwashwe pale pale, chombo kitue mbali na watu. Inawezekana, na kwa mtambo wa kwanza huenda ndo njia ya busara. Ila basi waya wa umeme lazima uvutwe umbali mrefu, labda kilomita nzima, na wa kuuvuta ni gari, na gari hilo nalo limeshuka kutoka wapi? Na kama unataka kuuzungushia mtambo tuta la udongo liwe ngao, hilo tuta ni kazi ya tingatinga. Kila ukijaribu kukwepa kushusha mzigo mmoja unakuta umehitaji kushusha mwingine. Ndo maana naona mpangilio wa safari ungegeuzwa, mizigo mizito ya mwanzo kabisa iwe ni ya kushushia na kutengenezea uwanja, kreni, tingatinga, vifaa vya kugandamiza udongo au kuuchoma ushikamane, taa na vinara vya kuongozea vyombo vinavyotua, halafu ndo nyumba na nyuklia. Na wanaobuni wakubaliane namna mzigo unavyoshikwa, wapi pa kufungia ndoano, umeme unachomekwa wapi, ili gari la Japan lishushwe na kreni ya Ulaya kutoka kwenye chombo cha Marekani. Milango ya kuunganisha vyombo angani ina viwango vya kimataifa tangu 2010, kwa mzigo wa juu ya udongo wa mwezi hatujafika huko.

Na mikataba nayo ibadilike, ilipie mzigo uliosogezwa umbali fulani kutoka kwenye chombo, sio mzigo uliogusa chini tu. Mfano upo tayari na ni mzuri kuliko kelele zote za mbio za mwezini. VIPER, gari la NASA la kutafuta barafu lenye kama kilo 450, lilikuwa limeshajengwa lote pale NASA walipolifuta Julai 2024 kwa sababu ya gharama, halafu Septemba 2025 wakatangaza Blue Origin wanaweza kulipeleka kusini mwa mwezi kwa Blue Moon Mark 1 mwishoni mwa 2027, mkataba wa mpaka dola milioni 190. Lakini hela yote haikutolewa mara moja. Sehemu ya kwanza inalipia Blue Origin kubuni jinsi gari litakavyokaa kwenye chombo na kuonyesha jinsi litakavyoshushwa, na safari yenyewe ni hiari ambayo NASA inaamua baadaye, baada ya kuona hayo na baada ya Mark 1 ya kwanza kuruka. Wameweka kushusha mbele ya kurusha, kwa kitu chenye uzito mara 30 pungufu ya ule mtambo wa tani 15. Swali hilo hilo ndo linatakiwa kuulizwa sasa hivi kwa kila mwenye mchoro wa chombo kikubwa, kabla ya malipo ya kwanza kutoka.